Moshi wa Mama Juu ya Bahari

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Sijisifu na sijuti. Nasema tu, kama mtu anavyosema ana miguu mifupi. Kwetu Kirolirwe, Masisi, kuna vilima vya kumtosha yeyote anayependa kutembea, nami navijua vyote, si kwa kupenda bali kwa sababu ng'ombe wetu huvipanda na lazima mtu awafuate. Zaidi ya hapo sina haja. Sake naenda. Goma naenda nikilazimika, na nikifika tu naanza kuulizia gari la kurudi. Mara moja nilishuka hadi Bweremana kununua samaki, wakanishawishi nipande mtumbwi ili nilione ziwa vizuri. Nililiona vizuri kuliko wao, maana safari nzima nilikuwa nimeinama juu yake nikitapika.

Dada yangu mdogo ni kinyume changu. Tangu utoto, ukimtuma kuchota maji alirudi na habari za kijiji cha pili na cha tatu, na pengine bila maji. Miaka ile ya kukimbia-kimbia vita, sisi tulikimbia tukarudi. Yeye alikimbia akaendelea, kambi hadi kambi, mpaka akajikuta Kanada. Huko akaolewa na mwanaume wa Walikale. Hebu lifikirieni jambo hilo: mtu anavuka bahari nzima, anajifunza kuvaa glavu, ili aolewe na mtu wa teritware, yaani wilaya, ya jirani ambaye angemfikia kwa pikipiki.

Kila alipopiga simu, wimbo ulikuwa ule ule.

"Kaka, utakuja lini kutuona?"

"Kuna ngombe inakaribia kuzala."

"Ngombe zenu zinazalaka kila siku? Ile haiko ngombe, ile ni panya."

Nilicheka, na ng'ombe wakaendelea kunitetea mwaka baada ya mwaka, mpaka alipozaa yeye. Walikuwa wamekaa sana bila mtoto. Watu wa kwetu walikuwa wamefikia hatua ya kunyamaza jina lake likitajwa, na unaujua ule unyamavu: unapiga kelele kuliko masengenyo. Halafu simu ikaja, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mama alipomaliza kulia na kucheka, alinigeukia akanitazama kwa jicho analomtazamia ng'ombe anayekataa kusimama wakati wa kukamuliwa.

"Safari hii hakuna ngombe ya kuzala," akasema. "Dada yako njo amezala. Utaenda."

"Na weye, Mama?"

"Miye na hizi magoti? Tena siwezi ikala ku kiti yenye haina udongo chini yake. Weye uko na diplome. Utajua namna ya kuikala."

Nina diplome ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ni kweli. Imenifaa kwa mambo mawili: kuwasomea majirani maandishi ya dawa za ng'ombe, na kulaumiwa kila linapotokea jambo gumu.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu chombo, maana bila chombo safari yangu ingekuwa ya mtu aliyekaa kwenye kiti tu akavimba miguu. Kwetu sisi wa ng'ombe, mwanamke akizaa, nyumba ya mama yake humpelekea chombo cha maziwa. Wengi wanakiita icyansi. Kimechongwa kwa mti mmoja, kirefu kiasi cha mkono kutoka kiwiko, na kifuniko chake ni cha majani yaliyosukwa, chenye ncha kama kofia. Hakioshwi kwa sabuni. Hakilazwi. Hakishikwi kwa mkono mmoja kama chupa ya bia. Na kubwa kuliko yote, hakifiki kitupu. Kumpelekea mzazi chombo kitupu ni kama kumwambia: maziwa yako na yakauke huko huko uliko. Hata adui hafanyiwi hivyo. Na huyu alikuwa dada yangu, baada ya miaka yote ile ya kungoja.

Mama alitaka kijazwe maziwa ya asubuhi. Dada, kwenye simu, akamwambia kwamba ndege haziruhusu.

"Maziwa wanakataza?"

"Wanakataza, Mama. Hata maji."

"Hata maji! Kama ni vile, wale watu wanaombaka nani?"

Akakaa na jambo hilo mpaka asubuhi ya kuondoka. Nilimkuta jikoni, macho mekundu, akifukiza kile chombo kwa majani makavu, kama tunavyofukiza vyombo vyote ili maziwa yatunzike na yawe na ladha. Lakini safari hii hakukiacha kipumue. Moshi ulipokuwa mzito kabisa ndani, akapachika kifuniko, paa, akakizungushia kitambaa cha kitenge na kukaza fundo.

"Sasa kimejaa," akasema.

"Kimejaa nini?"

"Moshi. Moshi ni kintu ao haiko kintu?"

Diplome yote ilikuwa nyuma yangu, fizikia ikiwemo, nayo ikachukua upande wa Mama.

"Ni kintu," nikakubali.

"Wanakataza moshi mu ndege?"

"Sijasikia."

"Basi. Usikifungue. Usikilaze. Usikiingize pahali pachafu. Dada yako njo atafungua, yeye wa kwanza, asikie kwetu. Ukifungua weye, nitajua."

Mchungaji wa kanisa naye akaja kuniombea. Aliombea ndege, akaombea rubani, akaombea mabawa kila moja peke yake, mpaka mwenye gari akapiga honi mara nyingi, maana hata Mungu alikuwa ameshaelewa.

Uwanja wa Goma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo nilivuka mpaka nikaenda kupandia Kigali, Rwanda. Nilikuwa nimevaa makoti matatu, moja juu ya jingine, kwa sababu dada alinionya kuhusu baridi na mimi ni mtu wa kuonyeka. Jasho lilinitiririka hadi kwenye soksi. Mkononi, au niseme mikononi, chombo. Kwenye ile mashine ya kuchungulia mizigo, kijana wa usalama alikisimamisha.

"Hiki kina nini ndani?"

"Hakina kitu," nikasema, halafu nikamsikia Mama kichwani. "Kina moshi."

Alinitazama. Akainama akanusa pembeni ya kifuniko bila kukigusa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia mtu wa kwao akiongea sokoni ugenini.

"Nani amezaa?"

"Dada yangu. Kanada."

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Nenda, nenda upesi, kabla hajaja mkubwa wangu asiyejua ng'ombe." Akanirudishia kwa mikono miwili. Nikafikiri: kama dunia yote iko hivi, kumbe nilikuwa nakaa nyumbani bure.

Dunia yote haiko hivyo.

Kuhusu ndege ya kwanza sina mengi. Niliogopa kwa adabu. Bruseli tulishuka tukatembezwa kwenye njia zinazojiendesha zenyewe, na watu waliokuwa juu yake walikuwa wanatembea juu ya kitu kinachotembea, sijui walikuwa na haraka ya kwenda kufanya nini. Huko walinipangusia chombo kwa kitambaa kidogo, wakakiingiza kitambaa kwenye mashine, mashine ikasema sina baruti. Hilo ningeweza kuwaambia mimi.

Ndege ya pili ndiyo ndege. Ile ya kuvuka bahari. Kiti changu kilikuwa cha dirishani, na kati yangu na njia alikaa mama mmoja mzungu, mtu mzima, mwenye mto mdogo shingoni kama ng'ombe wa kulimia. Alinisalimia vizuri. Nilitaka kukaa na chombo mapajani, mhudumu akakataa. Akataka nikiweke chini ya kiti, mimi nikakataa: pale ni miguuni. Mwisho tukakubaliana kabati la juu ya kichwa. Nikavua makoti yangu matatu, nikayajenga kama kiota, nikakisimamisha chombo katikati, wima. Mhudumu aliniangalia kama mtu anayemlaza mtoto mchanga na kumwambia usiku mwema. Hakukosea sana.

Halafu tukaenda. Na tukaenda. Na tukaenda tena. Nawaambia nyinyi mnaosema mnataka kupanda ndege kwenda mbali: mnachokitaka ni kufika. Kupanda hamkutaki. Kule hakuna kupanda wala kushuka, kuna kukaa. Nimekaa kwenye matanga, nimekaa kwenye mikutano ya chifu, nimekaa nikingoja fahali akubali kazi yake. Sijawahi kukaa hivyo. Mbele yangu palikuwa na kioo kidogo chenye picha ya ndege yetu juu ya bahari. Nilikiangalia mpaka macho yakauma, na ile ndege ilikuwa haisogei. Nikalala nikaamka, iko pale pale. Nikaona afadhali kuangalia ukuta wa zizi, ule angalau haujawahi kuahidi kufika mahali.

Wakaleta chakula. Kila kitu kilikuwa na kitanda chake na shuka lake la karatasi: kipande cha kuku, kipande cha mkate, na kipande cha jibini chenye ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Mimi natoka Masisi, ambako jibini ni gurudumu. Nilikitazama nikakionea huruma, kama mtu anayemwona mtoto wa jirani amekonda. Walileta pia kahawa, na vikopo vidogo kama vifuniko vya chupa, ndani yake maziwa. Nikakiweka changu pembeni. Sikuwa na haja ya maziwa yanayoogopa kuonekana.

Nikanywa maji. Nikanywa juisi. Nikanywa kila kitu walichopitisha, kwa sababu kilikuwa cha bure na mimi ni Mukongomani. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kwa sababu tulipokuwa katikati kabisa ya bahari, kibofu kikaanza kuniuliza maswali.

Mwanzo nilikijibu kwa ukali. Nilikuwa nimeapa kutokiacha chombo peke yake, na kwenda nacho chooni lilikuwa jambo lisilosemeka: chombo cha maziwa chooni! Mama angesikia kutoka Kirolirwe, angesimama na magoti yale yale. Nikabana. Nikahesabu mawingu. Nikaomba, na wala sioni aibu kusema niliombea nini. Mama wa mto shingoni akaniona ninavyojikunja.

"Bwana, unaumwa?" akaniuliza kwa Kifaransa.

"Hapana, Mama. Ninangoja."

"Unangoja nini?"

"Kanada."

Akatazama kile kioo, akanitazama mimi, akainuka akanipisha njia bila kuuliza tena. Nikasimama. Nikagusa kabati, nikaliambia kimoyomoyo nitarudi sasa hivi, nikaenda kwa hatua za bata.

Choo cha ndege ni kabati la mtu aliyekufa akiwa mwembamba. Kazi nilifanya, na ilikuwa ndefu. Lakini nilipobonyeza pale palipoandikwa, lile bakuli la chuma lilivuta pumzi kwa kishindo hata nikarukia mlango. Nilidhani ndege imetoboka na mimi ndiye niliyeitoboa. Nikakaa pale ndani nikisikiliza kama watu wanalia. Hawakulia. Nikanawa, nikajipangusa uso, nikatoka nikiwa mtu mpya.

Nilipofika karibu na safu yetu nikaona wahudumu wamejaa njiani. Mmoja alikuwa akigusa kuta kwa nyuma ya kiganja. Mwingine alikuwa amebeba kizimamoto chekundu. Watu wa viti vya jirani walikuwa wananusa, pua juu, kama mbwa wa wawindaji wa kwa shemeji yangu Walikale. Na mimi nikanusa. Ulikuwa moshi. Moshi mtamu wa majani makavu, moshi wa jikoni kwetu asubuhi, umetoka kupitia ule msuko wa kifuniko na kutembea taratibu juu ya vichwa vya watu wenye vitambulisho vya nchi zilizoendelea.

Ningeweza kuwaambia zamani. Kuanzia kule nyuma, kabla ya chakula, nilikuwa nimeusikia kidogo, nikafurahi tu. Niliona kama nyumbani wamenifuata. Halikunijia kabisa wazo kwamba mtu mwingine akisikia harufu ya moshi angani atawaza jambo tofauti.

Kabati lilikuwa wazi. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na sauti ya mwalimu wa hesabu, alikuwa ameshatoa chombo changu kwenye kiota chake. Fundo la Mama alikuwa ameshalifungua.

"Hapana, Mama! Muache! Usifungue!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, na ndege nzima ikageuka.

Pengine hakuna kosa kubwa zaidi ya kumpigia kelele, kwa lugha asiyoijua, mtu anayetafuta moto. Alivuta kifuniko mara moja. Akachungulia ndani. Akaingiza mkono, akapapasa, akautoa, akaunusa.

"Hakuna kitu," akawaambia wenzake. "Ni kitupu."

Nilikaa chini pale pale njiani. Wahudumu wengine wakarudi na kizimamoto chao, na yeye akachuchumaa mbele yangu, bado ameshika chombo.

"Bwana, samahani, lakini lazima nijue. Hiki ni nini, na kwa nini kinanuka moto?"

Kifaransa changu ni cha shule. Naweza kukufanyia mnyambuliko wa kitenzi chochote katika nyakati ambazo Wafaransa wenyewe wamezisahau, lakini kumweleza mtu uchungu, hapo hatukufika. Nikajaribu. Nikamwambia hicho ni chombo cha maziwa. Nikamwambia dada yangu amezaa, baada ya kungoja sana. Nikamwambia mama yetu hawezi kusafiri. Nikamwambia kwamba chombo hakiruhusiwi kumfikia mzazi kikiwa kitupu, ni laana kwake na kwa mtoto, na kwa kuwa nyinyi wa ndege mnakataza maziwa, mama yangu alikijaza moshi, na sasa moshi umeumwaga, Bibi, na mimi nitafika mlangoni kwa dada yangu na chombo kitupu.

Alikitazama chombo. Nilingoja acheke. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa abiria mwingine, ningecheka mpaka mkanda ukatike.

"Kama si moshi," akauliza, "kinaweza kuwa na nini?"

"Maziwa. Hicho ni cha maziwa."

"Sisi ndio tunaokataza maziwa?"

"Wale wa mashine, kule uwanjani."

"Mimi si wa mashine," akasema. "Na maziwa ninayo."

Akasimama, akaenda nyuma, akarudi na kapu la vile vikopo vidogo vya maziwa ya kahawa. Akakaa kwenye mkono wa kiti cha mama wa mto shingoni, akaanza kuvifungua kimoja kimoja kwa ukucha na kumimina. Kila kikopo kilikuwa tone tu. Ilikuwa kama kukamua panzi. Mama wa mto shingoni akatoa chake alichokuwa amekibakiza, akakimimina mwenyewe kwa heshima, kama mtu anayetoa sadaka. Nikatoa na changu, kile nilichokidharau. Mzee wa safu ya nyuma akapitisha viwili, na sijui kama alijua ni vya nini au aliona watu wanachangia naye akachangia, kama kwetu kanisani.

Hakikujaa. Nadhani kilifika vidole vitatu kutoka chini. Lakini ukikitikisa, kilikuwa kinasema.

Alipotaka kukirudisha kabatini nikamwambia kitamwagika. Akafikiri.

"Nitakishika mimi," akasema.

Tulipoanza kushuka na kila mtu akaambiwa afunge mkanda, nikamwona kule mbele, kwenye kile kiti chao cha kukunja kinachotutazama sisi abiria, amejifunga mikanda miwili mabegani, amekaa wima kama bibi harusi anayepigwa picha, na chombo cha Mama juu ya mapaja yake. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Sikuwa nimemwambia hilo. Ndege ilipogonga ardhi wote tuliruka, yeye hakuruka.

Mlangoni alinikabidhi, nikasema asante nyingi kuliko nilizojifunza shuleni, na watu wa nyuma wakanisukuma kwa mizigo yao, nikajikuta nje.

Ofisa wa forodha aliniuliza kama nimebeba chakula. Nikamwambia maziwa kidogo. Yametoka wapi? Nikamwonyesha juu kwa kidole, kwenye dari. Akanitazama na makoti yangu matatu, na viatu ambavyo miguu iliyovimba ilikuwa imevikataa kwa hiyo nilikuwa nimevikanyaga visigino, akaamua kwamba siku yake ilikuwa fupi mno kwa mtu kama mimi. Nikapita.

Shemeji wa Walikale ndiye aliyekuja kunipokea, mnene sasa, amevaa kofia yenye masikio.

"Shemeki! Umefika kweli! Tulisema utashukia Sake!" Akakumbatia makoti, mimi nikiwa mahali fulani ndani yake. Halafu akakiona chombo. "Nyinyi batu ya ngombe hamuponake. Kwetu Walikale, muntu akitoka safari na chombo, iko na nyama ndani. Hii iko na nini?"

"Uliza dada yangu. Weye hauko muzazi."

"Miye njo nilianza kazi!"

"Kazi yako ilikuwa fupi. Shika sanduku."

Nyumbani kwao, dada alikuwa amekaa kitandani na mtoto mikononi. Amekuwa mkubwa, yaani amekuwa Mama, macho yale yale ya kukutazama kama ng'ombe. Nikampa chombo, akampa mumewe mtoto, akakipokea kwa mikono miwili, akafungua. Kwanza akaweka pua. Mti wenyewe ulikuwa bado unanuka jikoni kwetu; mwanamke wa ndege hakuweza kuutoa wote. Akafumba macho, akakaa hivyo. Halafu akanywa.

Akafumbua macho.

"Kaka."

"Eh."

"Hii ngombe, munaipa nini kula? Karatasi?"

Nikamwambia yote. Alicheka mpaka mshono ukamuuma, akawa analia na kucheka na kunipiga mgongoni, na mumewe akisema, "Mutamuua, mutamuua, bado ananyonyesha." Lakini aliyanywa yote. Alipomaliza akageuza chombo akakisubiri kidondoshe tone la mwisho kwenye kidole, akampaka mtoto mdomoni. Mtoto akakunja uso. Ana akili.

Simu kwa Mama ilibaki. Nilitaka iwe kesho. Dada akaipiga papo hapo, sauti juu.

"Chombo kimefika?" Mama akauliza hata kabla ya salamu.

"Kimefika, Mama. Na maziwa ndani."

Kule nyuma nikasikia ndama analia.

"Maziwa? Miye niliweka moshi."

Dada akaniwekea simu mkononi kama mtu anayekupa mkaa wa moto.

"Nani amefungua?" Mama akauliza.

Nikamweleza. Choo nilikiruka. Nikamweleza yule mwanamke, vikopo, mikono miwili, kiti cha kukunja. Nikangoja anichape kutoka Kirolirwe.

"Alitia maziwa yeye mwenyewe? Mu chombo yetu?"

"Njo vile, Mama."

"Iko na batoto?"

"Sikumuuliza."

"Kwabo ni wapi?"

"Sijue."

"Jina?"

Nikamwangalia dada.

"Muntu anakutilia maziwa mu chombo ya dada yako," Mama akasema polepole, kama anamsomea mtoto, "hapo katikati ya mawingu, penye haiko ngombe, haiko jirani, na weye unamuacha vile, haumuulize hata batoto yake wako namna gani? Diplome walikupa ya nini?"

"Mama, walikuwa wananisukuma."

"Wangekusukuma. Ungeanguka. Ungeuliza ukiwa chini." Akapumua. "Bon. Ile ngombe ya mabaka imezala jana, ndama ya kike. Ile ni yake."

"Ya nani?"

"Ya ule dada yetu wa mu ndege. Maziwa hairudishwe na asante."

Nilirudi Kirolirwe nikiwa nimeapa kutopanda kitu chochote kirefu kuliko farasi, na kwetu hakuna farasi. Katika kurudi nilimtafuta. Nilimwuliza kila mhudumu aliyepita kama anamjua mwenzao mwenye nywele fupi na sauti ya hesabu, nao wakaniletea maji.

Yule ndama sasa ni ng'ombe. Ana mabaka ya mama yake na tabia mbaya ya kwake mwenyewe. Anaruka uzio, anapiga teke. Walikuja wanunuzi kutoka Mweso wakampenda, Mama akawaambia hauzwi, si wetu, mwenyewe yuko kazini. Amezaa dume tayari, na hilo nalo si letu. Mimi ndiye ninayewalisha, mimi ndiye ninayemkamua asubuhi baridi ikiwa bado imelala juu ya nyasi, na Mama husimama langoni na magoti yake akihakikisha sichanganyi maziwa yake na ya wengine. Ndege ikipita juu, na siku hizi hazipiti nyingi, Mama hunyoosha shingo akaitazama mpaka ipotee nyuma ya kilima.

"Haujapata habari yake?"

"Bado, Mama."

"Kamua vizuri. Siku atakuja, nitamuambia ulikuwa unakamua mubaya."